Nimefuta sera ya uthibitishaji kwa SQL, lakini watumiaji bado wanadaiwa MFA. DROP inaondoa nini hasa?

#1 Mpekuzi

Wakuu, salaam.

Tunahama kutoka kwa mtoa huduma mmoja wa utambulisho kwenda kwa mwingine. Kwenye Snowflake, hifadhidata yetu ya wingu, tulikuwa na sera ya uthibitishaji iliyofungwa kwenye akaunti nzima, inaruhusu SAML (kuingia kupitia mtoa huduma wa utambulisho) peke yake, tena kupitia muunganisho wa zamani. Kazi niliyopewa ni kuiondoa. Nikaanza na amri yenyewe:

`DROP AUTHENTICATION POLICY usalama.sera.saml_ya_zamani;`

Ikakataa, sera bado inatumika. Nikaivua kwanza, kisha nikarudia:

`ALTER ACCOUNT UNSET AUTHENTICATION POLICY;`
`DROP AUTHENTICATION POLICY usalama.sera.saml_ya_zamani;`

Safari hii ikapita bila neno. Sasa yamezuka mawili. Watu wanaoingia kwa nywila katika kipindi hiki cha mpito wanadaiwa MFA (uthibitisho wa ziada juu ya nywila), ingawa sera haipo tena. Na mtumiaji wa skripti ya usiku, ambaye alikuwa na sera yake mwenyewe inayomruhusu nywila, anakataliwa kabisa.

Mimi nilielewa kwamba sera ikifutwa, masharti yake yanakwenda nayo. Kwa nini bado yapo?

#2 KipangaSQL

Angalia sera za ngazi ya mtumiaji. Sera iliyofungwa kwa mtumiaji inaishinda ile ya akaunti, na ulichokivua wewe ni cha akaunti tu. Endesha hii:

`SELECT * FROM TABLE(usalama.INFORMATION_SCHEMA.POLICY_REFERENCES(POLICY_NAME => 'usalama.sera.saml_ya_zamani'));`

Itakuonyesha kila mahali sera iliposhikizwa.

#3 Mzee wa Bakapu

Kipanga, soma tena alichoandika mwenzio. Sera ameshaifuta, utaiulizaje kwa jina? Halafu kama ingekuwa bado imeshikizwa kwa mtumiaji hata mmoja, DROP isingepita. Hiyo ya kwako ilipaswa kuendeshwa kabla. Kwa sasa auliziwe mtumiaji, siyo sera:

`SELECT * FROM TABLE(usalama.INFORMATION_SCHEMA.POLICY_REFERENCES(REF_ENTITY_NAME => 'SKRIPTI_USIKU', REF_ENTITY_DOMAIN => 'USER'));`

Sasa kwako Mpekuzi. Sera ya uthibitishaji ni orodha ya masharti yanayokaguliwa mtu anapoingia: njia zipi zinakubaliwa (nywila, SAML, OAuth, jozi ya funguo), kupitia kiolesura gani, na kama ni lazima ajisajili MFA. Ukiifuta, unafuta orodha hiyo. Hufuti yale ambayo orodha ilishawafanya watu wayafanye. Mtu aliyekwisha kujisajili MFA ataendelea kudaiwa MFA anapoingia kwa nywila, sera iwepo isiwepo, kwa sababu usajili wake unakaa kwenye rekodi yake yeye. Watazame mmoja mmoja:

`SHOW MFA METHODS FOR USER fulani;`

Ukikuta simu au ufunguo umesajiliwa pale, basi jibu la swali la kwanza ni hilo.

#4 Njiwa

Mimi naona ni kashe. Dereva (programu inayomuunganisha mtu na Snowflake) huwa anahifadhi tokeni ya MFA, yaani alama ya kwamba ameshathibitishwa, upande wa mtumiaji, kwa hiyo mabadiliko ya sera hayaonekani mpaka tokeni iishe muda. Mwambie asubiri kidogo.

#5 Tausi

Njiwa, umeishika kwa nyuma. Kashe ya MFA, yaani ile inayowashwa kwa `ALLOW_CLIENT_MFA_CACHING`, kazi yake ni kumfanya mtu asiulizwe tena kwa muda usiozidi saa nne. Hao wanaulizwa wakati hawatarajii. Tokeni ya kashe haiwezi kuleta usumbufu ambao kazi yake ni kuuondoa.

Mzee wa Bakapu ameeleza vizuri, lakini ameacha uwezekano mwingine. Akaunti yenu ilifunguliwa lini? Tangu Oktoba 2024, akaunti mpya za Snowflake zinakuja na MFA kwa watumiaji binadamu wanaotumia nywila, hata kama hamjaandika sera yoyote. Tena mtumiaji ambaye `TYPE` (aina) yake ni tupu anahesabiwa kuwa binadamu. Ukivua sera yenu, kinachobaki chini yake ni msimamo wa mfumo wenyewe, na msimamo huo unazidi kukazwa.

#6 Mpekuzi

Asanteni sana. Majibu ya haraka:

Akaunti ni ya kabla ya 2024. Kati ya wanaolalamika, baadhi wana MFA iliyosajiliwa kama alivyosema Mzee, lakini wengine `SHOW MFA METHODS` haionyeshi chochote, nao wanapelekwa kwenye ukurasa wa kujisajili. Kwa hiyo maelezo ya Mzee yanagusa kundi moja tu.

SKRIPTI_USIKU: POLICY_REFERENCES inarudisha safu sifuri. Sera yake ya mtumiaji haipo! Ilikuwapo, nina hakika, maana bila hiyo isingeweza kuingia kwa nywila wakati akaunti nzima imefungiwa SAML.

#7 Mwanagenzi_DB

Samahani kuingilia. Mbona mimi natumia PostgreSQL na amri ni fupi tu, `DROP POLICY jina ON jedwali;`? Hakuna haja ya kuvua chochote kwanza. Labda jamaa aandike hivyo.

#8 BiSkima

Mdogo wangu, hiyo ni nyumba nyingine kabisa. `DROP POLICY` ya PostgreSQL, iliyokuja na toleo 9.5, inahusu usalama wa ngazi ya safu: nani aone safu zipi ndani ya jedwali. Mtu anakuwa ameshaingia tayari. Haigusi nani anaingia na kwa njia gani.

Tena shika hili vizuri kwa sababu linawaangusha wengi: ukifuta sera ya mwisho kwenye jedwali ambalo usalama wa safu bado umewashwa, jedwali halifunguki. Linafungwa. Bila sera yoyote, kanuni ni kukataa, na mtumiaji wa kawaida haoni hata safu moja, huku mwenye jedwali akiona zote kama kawaida. Ndiyo maana mwenye jedwali akijaribu anasema "kwangu inafanya kazi". Ukitaka lifunguke, lazima uzime chenyewe: `ALTER TABLE ... DISABLE ROW LEVEL SECURITY`.

#9 Mwanagenzi_DB

Ahsante dada, hilo nililikuta na sikuelewa. Sasa sera ya kuingia ya PostgreSQL inafutwaje?

#10 BiSkima

Haifutwi kwa SQL. Iko kwenye faili la `pg_hba.conf`. Unaondoa mstari, unahifadhi, kisha `SELECT pg_reload_conf();`. SQL inakusaidia kutazama tu, kupitia `pg_hba_file_rules`, iliyopo tangu toleo 10.

Mpangilio wa mistari ni jambo zito. Mstari wa kwanza unaolingana na muunganisho ndio unaotumika, na ukishindwa pale mfumo haushuki kujaribu unaofuata. Kwa hiyo ukifuta mstari mkali wa juu, huenda umemkabidhi mtu kwa mstari legevu uliokuwa chini yake miaka yote bila kutumika. Na kusipokuwa na mstari unaolingana, anakataliwa. Soma faili lote kabla ya kufuta mstari mmoja.

#11 Nahodha

Na Oracle nako kuna lake. Masharti ya nywila yanakaa kwenye profaili. Ukisema `DROP PROFILE wahasibu;` wakati kuna watumiaji ndani yake unapata kosa ORA-02382. Unaongeza `CASCADE`, wote wanahamishiwa profaili ya DEFAULT papo hapo. Profaili ya DEFAULT yenyewe haifutiki.

Hapa ndipo watu wanaposahau kufikiri. Wanafuta profaili kali, wanashangilia, bila kutazama DEFAULT ina masharti gani. Nimekuta mahali ambapo DEFAULT ilikuwa imelegezwa siku nyingi kwa ajili ya programu moja ya zamani, `PASSWORD_VERIFY_FUNCTION` iko NULL (yaani hakuna kinachokagua uimara wa nywila), na watumiaji wote wa idara moja wakatumbukia humo kwa amri ya mstari mmoja. Hakuna aliyepata kosa lolote kwenye skrini, ndiyo maana haikugundulika mapema.

#12 Kiberiti

Vertica pia: `DROP AUTHENTICATION jina CASCADE;` kama imeshagawiwa watumiaji. Bila CASCADE inagoma.

#13 Nahodha

Kiberiti, mchango wako siku zote mstari mmoja. Kama kwerie zako.

#14 Kiberiti

Zangu zinamaliza kazi, Nahodha. Zako bado zinapanga safu.

#15 Tausi

Nyie wawili fungueni uzi wenu.

Ila hapo kuna tofauti ya msingi ambayo ningependa Mpekuzi aione. Oracle na Vertica zinakupa CASCADE, yaani unavua na kufuta kwa pigo moja. Snowflake haina CASCADE kwa sera ya uthibitishaji. Lazima uvue mwenyewe, akaunti kwanza, kisha kila mtumiaji:

`ALTER USER fulani UNSET AUTHENTICATION POLICY;`

Mimi nauona huo kuwa uamuzi mzuri wa waliobuni mfumo. Unakulazimisha ujue ni nani unamgusa.

#16 KipangaSQL

Na hapo ndipo nadhani jibu la SKRIPTI_USIKU lilipo. Mpekuzi, mtu akikataliwa DROP kwa sababu sera imeshikizwa, kishawishi ni kuandika skripti inayopita kwa watumiaji wote na kuwavua bila kuchagua. `ALTER USER ... UNSET AUTHENTICATION POLICY` haiulizi jina la sera. Inavua iliyopo, yoyote ile. Kuna mwenzako aliyeendesha kitu cha namna hiyo?

#17 Mpekuzi

Nimeuliza. Mwenzangu anasema hakuvua sera za watumiaji. Alichofanya wiki hiyohiyo ni kubadilisha `TYPE` ya watumiaji wa skripti kuwa SERVICE, kama sehemu ya kujiandaa na mabadiliko ya Snowflake.

#18 Mzee wa Bakapu

Basi hapo! Mtumiaji wa aina ya SERVICE haruhusiwi kuingia kwa nywila hata kidogo. Hiyo haitegemei sera yoyote. Atumie jozi ya funguo au OAuth. DROP yako haina hatia kwa huyo, zimegongana siku tu.

#19 BiSkima

Mzee, hapo umekwenda kasi. TYPE kuwa SERVICE inaeleza kwa nini anakataliwa, lakini haielezi kwa nini POLICY_REFERENCES ni tupu. Kubadilisha TYPE hakuivui sera. Kuna mkono mwingine, au hakuuliza mahali sahihi. Mpekuzi, wajibu (role) uliotumia kuuliza una haki ya kuona hilo? Ukiuliza kwa wajibu mdogo unaweza kurudishiwa utupu ambao si utupu.

#20 Zuhali

Nimesoma uzi wote, nami naleta dhana ya tano au ya sita sijui. Miundombinu yenu inaandikwa kwa Terraform, ile zana inayoijenga kutoka kwenye msimbo? Maana sera ikiwa imetangazwa kwenye msimbo na wewe ukaifuta kwa mkono, mzunguko unaofuata unaiunda upya na kuishikiza tena. Na kinyume chake: sera ya SKRIPTI_USIKU kama mtu aliitoa kwenye msimbo, mzunguko umeivua bila mtu yeyote kuandika ALTER USER. Mwenzako anasema kweli na sera imeondoka vilevile.

Angalia historia ya kwerie, tafuta maneno `AUTHENTICATION POLICY`, uone ni mtumiaji gani aliyeendesha.

#21 Njiwa

Tukirudi kwenye DROP yenyewe, mimi huandika `IF EXISTS` (kama ipo) daima ili skripti isikatike. Naomba maoni.

#22 Tausi

Kwa sera za usalama nashauri usiandike. Sera ya uthibitishaji inakaa ndani ya skima, yaani fungu la vitu ndani ya hifadhidata. Ukitaja jina lake peke yake, mfumo unaitafuta kwenye skima uliyomo wakati huo. Ukiwa kwenye skima isiyo yake, `IF EXISTS` inakuambia kazi imefanyika, nawe unaondoka ukiamini. Kumbe sera iko palepale inafanya kazi. Vivyo hivyo kama iliundwa kwa jina la herufi ndogo ndani ya alama za nukuu.

Andika jina kamili: hifadhidata, skima, sera. Acha amri ipige kelele ikikosa. Na kelele yenyewe usiiamini kijuujuu, kwa sababu Snowflake hutumia ujumbe uleule kwa kitu kisichokuwepo na kitu usichokuwa na idhini nacho. Kufuta kunahitaji OWNERSHIP ya sera. Kuivua kwenye akaunti kunahitaji haki ya APPLY AUTHENTICATION POLICY. Sehemu nyingi hizo ni haki za wajibu wawili tofauti, kwa hiyo mmoja anaweza kuvua asiweze kufuta, na mwingine kinyume chake.

#23 Nahodha

Na kumbuka DROP kule inakamilishwa papo hapo yenyewe (autocommit). Usijidanganye kwa BEGIN na ROLLBACK. PostgreSQL unaweza kurudi nyuma ukifuta sera ndani ya muamala, Oracle na Snowflake huwezi. Kabla ya kufuta, endesha `DESCRIBE AUTHENTICATION POLICY` na uhifadhi matokeo mahali.

#24 Kiberiti

Kwa nini ufute? Vua tu, iache ikae.

#25 Mzee wa Bakapu

Kwa mara ya kwanza naungana na Kiberiti. Sera iliyovuliwa haimuumizi mtu. Ikitokea unaihitaji, unaishikiza tena kwa mstari mmoja.

#26 BiSkima

Sikubaliani na nyinyi wawili, na hili nalishikilia. Sera iliyoachwa bila kushikizwa ni sera inayosubiri mtu mgeni mwenye haki ya APPLY. Mwaka ujao anakuja mhandisi mpya, anakuta `saml_ya_zamani`, anaona jina lina SAML, anaishikiza kwenye akaunti akidhani anaimarisha usalama. Muunganisho inaoutaja umekufa. Wote wako nje, pamoja na yeye. Kumbukumbu ya sera ikae kwenye hazina ya msimbo. Ndani ya mfumo vibaki vile vinavyotumika.

#27 Zuhali

Kwa hilo la kujifungia nje: kabla ya kugusa sera ya akaunti, muundieni msimamizi mmoja sera yake, yenye nywila na SAML, mshikizeni yeye binafsi. Ngazi ya mtumiaji inashinda, kwa hiyo akaunti ikiharibika yeye bado anaingia. Na yeye awe na MFA imara, maana ndiye mlengwa wa kwanza wa mvamizi.

La pili, acha sesheni moja ya msimamizi wazi, kisha jaribu kuingia upya kupitia dirisha jingine. Sera hii inakagua kuingia, haimfukuzi aliyemo. Usifunge ile ya kwanza mpaka ya pili ikubali.

#28 Mwanagenzi_DB

Kwani kulegeza kwa siku mbili tatu kuna ubaya gani? Watu wafanye kazi, MFA irudi baadaye.

#29 Tausi

Ubaya tumeushuhudia 2024. Mvamizi aliyepewa jina la UNC5537 aliingia kwenye akaunti za wateja wa Snowflake kwa nywila zilizoibwa na programu hasidi kwenye kompyuta za watu. Mandiant, kampuni ya usalama wa mtandao, walieleza kuwa akaunti zilizoathirika hazikuwa na MFA, na nywila nyingine zilikuwa zimeibwa miaka ya nyuma bila kubadilishwa. Mashirika takriban 165 yalipewa taarifa kwamba huenda yameguswa. Hakuna aliyehitaji kuvunja mfumo wenyewe. Waliingia kwa jina na nywila kama mfanyakazi yeyote.

Mtu mmoja akikwama, kuna njia yenye kikomo:

`ALTER USER fulani SET MINS_TO_BYPASS_MFA = 30;`

Dakika zikiisha, sharti linarudi lenyewe. Hulegezi akaunti nzima kwa ajili ya mtu aliyepoteza simu.

#30 Nahodha

SQL Server ina jambo linalofanana na hilo la kulegeza. `ALTER LOGIN fulani WITH CHECK_POLICY = OFF;` inaonekana ndogo, lakini inazima na CHECK_EXPIRATION (ukaguzi wa nywila kuisha muda), na inafuta historia ya nywila. Ukiiwasha tena baadaye, historia haijirudishi. Mtu anaweza kurudia nywila yake ya zamani.

#31 Njiwa

Kwa nini kila mfumo una amri zake? SQL si ina kiwango?

#32 BiSkima

Kiwango cha SQL kinazungumzia haki na wajibu, lakini namna watumiaji wanavyoundwa kimewaachia watengenezaji. Hata CREATE USER haimo. Ndiyo maana neno moja la DROP lina matokeo tofauti kila unakokwenda, na mazoea ya mfumo mmoja ni hatari kwenye mwingine.

#33 Mpekuzi

Nimerudi na historia. Kwa wajibu mkubwa, POLICY_REFERENCES ya SKRIPTI_USIKU bado ni tupu. Historia ya kwerie inaonyesha `ALTER USER ... UNSET` iliyotoka kwa mtumiaji wa Terraform, siku moja kabla ya DROP yangu. Zuhali, kongole. Lakini TYPE pia ni SERVICE, kwa hiyo hata nikiirudisha sera, Mzee anasema atakataliwa. Tunamtengenezea jozi ya funguo, sera yake irudi ikiruhusu KEYPAIR peke yake.

Hao wanaopelekwa kujisajili MFA bila kuwa na njia yoyote bado sijawaelewa. LOGIN_HISTORY (kumbukumbu za kuingia) ya ACCOUNT_USAGE haina majaribio yao ya asubuhi hii.

#34 KipangaSQL

Hiyo huweza kuchelewa kwa muda wa saa mbili. Tumia ile ya INFORMATION_SCHEMA, inarudi nyuma siku 7 na haina ucheleweshaji huo. Tazama safuwima za FIRST_AUTHENTICATION_FACTOR na REPORTED_CLIENT_TYPE.

#35 Tausi

Mimi bado nasema ni msimamo wa mfumo wenyewe. Wanaukaza kwa awamu, na akaunti za zamani nazo zinafikiwa.

#36 Zuhali

Nami nasema Terraform imewashikizia sera nyingine ambayo hujaiorodhesha. `SHOW AUTHENTICATION POLICIES IN ACCOUNT;` kisha uulize mmoja mmoja wale wanaolalamika.

#37 Mzee wa Bakapu

Au ukurasa wanaouona ni wa mtoa huduma mpya wa utambulisho, si wa Snowflake. Waombe picha ya skrini kabla hamjaendelea kubishana.

#38 Mpekuzi

Nimewaomba. Wawili wametuma: mmoja ni ukurasa wa Snowflake, mwingine ni wa mtoa huduma. Naendesha ya Zuhali sasa hivi.